Kutoa Picha Kwenye Simu Bila Kompyuta

Tulipokwenda Jozani kuwatazama kima punju, simu ilijaa kabla hatujafika kwenye mikoko ya Pete. Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na flashi na kipande cha waya kiitwacho OTG: upande mmoja huchomekwa kwenye simu, wa pili hupokea flashi.

Simu ikiunganishwa na kompyuta, kwa kawaida kompyuta ndiyo inayoongoza. Waya huu huiambia simu iongoze yenyewe, na flashi hula umeme wa betri ya simu. Ndiyo maana diski kubwa mara nyingi hugoma. Android ilianza kuwa na uwezo huo katika toleo la 3.1, mwaka 2011, ingawa si kila simu iliyopewa. Flashi nayo iwe imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili lililofika GB 4.

Kosa tulilifanya sisi wenyewe. Tulibonyeza “hamisha” badala ya “nakili”, kisha tukaichomoa flashi kazi haijaisha. Picha kadhaa hazikuonekana tena, si kwenye simu wala kwenye flashi. Siku hizi tunanakili, tunazifungua picha kwenye flashi kuhakikisha, tunabonyeza “ondoa” ndipo tunachomoa. Za kwenye simu tunazifuta mwisho.