Kabla ya kukata Kibwezi, pima kimo cha gari lako la zamani

Wako ndugu zetu hapa Pwani wenye mapenzi na magari ya zamani ya mbio, na Datsun 240Z haikosi kutajwa, maana ndiyo iliyotwaa Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Gari kama hilo likizunguka Nyali halina taabu. Taabu ni kulipandisha bara. Ukipita Mtito Andei umeshaingia Makueni, na ukikata kulia Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, ukiacha lami tu unakutana na mchanga, mawe na mito mikavu. Gari lililoketi chini kuliko lilivyoundwa litakwangua sampu, na oili ikimwagika huko, injini ndiyo imekwenda.

Wengi hupima kutoka ardhini hadi madigadi. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu tairi lililokwisha au lenye upepo mchache linakibadilisha. Mimi napima kutoka kitovu cha gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, kisha nalinganisha na kitabu cha gari. Sakafu iwe sawa, gari liwe tupu. Likishuka kwenye jeki usipime papo hapo, litaonekana refu. Lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze kila pembe, liache litulie.

Pembe moja ikiwa chini, usikimbilie kununua springi ya pembe hiyo. Huenda tatizo haliko kwenye springi hiyo.

Halafu bushi. Fundi akikaza nati zake gari likining'inia kwenye jeki, mpira unashikwa ukiwa umejipinda vibaya. Gari linakaa juu kwa uongo, na bushi zinachanika mapema. Mwambie azikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukimwona anakunja uso, simama hapo hapo mpaka amalize.

Wapo pia wanaoinua gari kupita kiasi ili lifanane na la rally. Mimi siafiki, gari linayumba kwenye kona. Lakini mkia uliozama ndio mbaya zaidi usiku: pua inainuka, taa zinampiga machoni dereva wa lori anayeteremka kutoka Emali, naye hakuoni.