Sola na Kalenda ya Hazina

Jua la Kenya ni lile lile tangu 2013. Kodi ndiyo iligeuka mara nne kufikia 2021. Septemba mwaka huo, vifaa vya sola viliingizwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, 2014 vikasamehewa. Julai 2020 vikarudishwa, kwanza kwa asilimia 14 ya msimu wa korona, na Julai 2021 vikasamehewa upya. Muuza sola makini husoma Mswada wa Fedha kabla ya kutazama mawingu.

Uzito wa kodi hiyo, inapotozwa, hautokani na asilimia peke yake. Kaya nyingi hununua kwa lipa pole pole: mteja hutuma kiasi kidogo kila siku kwa M-Pesa, na deni huisha baada ya mwaka au zaidi. VAT ya mzigo ulioagizwa nje, kwa upande wake, hudaiwa bandarini, yote kwa mpigo. Muuzaji basi huilipia serikali fedha ambazo mteja bado hajazipata. Kampuni yenye mikopo nafuu hustahimili. Mwenye duka dogo hupunguza shehena.

Hata msamaha una gharama yake. Bidhaa iliyosamehewa si sawa na ile ya kiwango cha sifuri. Muuzaji wa bidhaa ya kiwango cha sifuri hurejeshewa VAT aliyolipa kwenye pango la ghala na huduma nyingine; wa bidhaa iliyosamehewa harejeshewi, hivyo huifukia ndani ya bei. Anayeagiza taa ikiwa tayari huumia kidogo. Anayeiunganisha nchini, akinunua huku na huku, huumia zaidi, jambo ambalo hotuba za viwanda huliruka kwa ustadi.

Mbali na kodi, kuhusu kupeleka umeme wa ziada wa sola kwenye gridi, Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu. Kanuni zake zilitoka 2024, kwani haraka haraka haina baraka. Kwa kanuni hizo, uniti mbili zinazopelekwa humpa mteja salio la uniti moja. Kiwanda au shule hutumia umeme wake saa sita mchana, hivyo hesabu hiyo haiwagusi sana. Inayoguswa ni nyumba ambayo wenyewe wako kazini jua linapowaka, na taa huwashwa limeshatua.