Mwalimu hana kipimo, mwanafunzi ana daftari

Zamani binti wa Mombasa au Lamu hakupelekwa popote kufunzwa kupika. Alikalishwa juu ya mbuzi akune nazi, akapewa kifumbu achuje tui, na alipofika kuolewa mkono ulikwisha zoea. Wa leo ametoka shule akaingia kazini, na wengine huenda kwa mume wakijua chai na mayai tu. Kwa mkwewe anaona haya kuuliza. Ndiyo sababu wako akina mama mitaani wanaofungua majiko yao jioni kwa watu wazima wanne watano, kila mmoja na nazi yake.

Tabu iko kwenye vipimo. Chukua mkate wa kumimina. Mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Tui kiasi gani? "Mpaka ushibe, mwanangu," huambiwa mwenye daftari, naye hajui aandike nini. Kisha moto: huanza wa chini, na vitundu vikitokeza ndipo makaa hupandishwa juu ya kifuniko. Akichelewa, chini kumeungua na juu kungali kubichi.

Mimi naona mkate wa kwanza na uharibike, bora mwalimu asimpokonye upawa. Wengi wao hupokonya, kwa huruma ya mchele. Na Ramadhani ikikaribia wanafunzi huzidi, maana kila mmoja ataka kufuturisha watu wake kwa mkono wake mwenyewe.