Maji ya moto ya milima yetu: tuyajue kabla ya kuyaendea

Mwaka 2023, katika eneo moja la wakimbizi wa ndani magharibi mwa Goma, mbuzi watatu walikutwa asubuhi wamekufa ndani ya shimo lenye majani mabichi. Hawakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Kabla ya saa nne neno lilikuwa limekwisha kuzunguka kambi nzima: wenyeji wamewatilia mbuzi sumu ili tuondoke. Vijana wakaanza kuokota mawe.

Aliyezuia vita siku ile alikuwa mama mmoja mzee wa upande wa wenyeji. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbali na shimo, akasema: «Wanangu, hiyo si sumu ya mtu. Hiyo ni mazuku. Baba yangu alipoteza ng'ombe hapo hapo, nikiwa mtoto.» Viongozi wa pande zote mbili wakaketi, na jioni mawe yakabaki chini.

Tulipouliza mbuzi walifikaje shimoni, tulipata jibu ambalo hatukulitazamia. Mzee mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Rutshuru alikuwa akiumwa magoti. Kwao alizoea kuyakanda kwa maji ya moto yanayotoka ardhini. Akawaomba wachungaji watoto wamtafutie maji kama hayo karibu na ziwa. Watoto walikuwa wakitafuta, na mbuzi wakatangulia.

Mzee yule hakuwa mjinga. Maji ya moto na mazuku ni ndugu wa tumbo moja. Lakini mmoja anakanda magoti na mwingine anaua. Makala haya yanaeleza undugu huo, ili tunapokwenda kwenye maji ya moto turudi salama, na ili tusimshtaki jirani kwa kazi ya ardhi.

Maji yanapata wapi moto?

Mvua ikianguka juu ya milima, sehemu ya maji huenda mitoni na sehemu nyingine huzama ardhini kupitia nyufa za mawe. Kadiri maji yanavyoshuka, ndivyo joto linavyozidi. Hata katika nchi zisizo na volkano, joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita moja ya kwenda chini.

Kwetu joto liko karibu zaidi. Tunaishi ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo bara la Afrika linapasuka polepole sana, milimita chache kwa mwaka. Ziwa Kivu, Ziwa Edward na Ziwa Tanganyika yote yamo ndani ya ufa huo. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ni watoto wake.

Maji yaliyopata moto huko chini huwa mepesi kuliko maji ya baridi, kwa hiyo hupanda. Yakipata ufa wa kupitia, hutokea juu yakiwa bado na moto. Njiani huyeyusha madini ya mawe. Ndiyo sababu maji hayo huwa na ladha ya chumvi, na mara nyingine harufu ya yai bovu.

Nyufa hizo hizo hupitisha pia gesi ya kabonidioksidi. Gesi hiyo ikitoka mahali palipo wazi, upepo huichukua. Ikitoka penye shimo au bonde dogo, hukaa humo, maana ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Hiyo ndiyo mazuku.

Kwa hiyo moto uliotukimbiza tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, maji yanayokanda viungo vya wazee, na gesi iliyoua mbuzi, vyote asili yake ni ufa mmoja. Hakuna kabila lililouchimba.

Yako wapi?

Wengi wetu tunalijua jina la Mai ya Moto, katika njia ya Kiwanja kwenda Kanyabayonga. Jina linajieleza lenyewe. Mahali hapo pamo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Katika Kivu ya Kusini kuna maji ya moto ya Kankule, upande wa Katana. Ng'ambo ya mpaka, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, kuna ya Nyamyumba, kando kabisa ya Ziwa Kivu.

Nchini Uganda, karibu na milima ya Ruwenzori, kuna Sempaya. Wenyeji wanasema chemchemi moja ni mume na nyingine ni mke, na wageni huchemsha mayai humo. Huko huko Uganda kuna Kitagata, yenye vidimbwi viwili. Kimoja kinaitwa cha Mugabe, kwa kuwa kilikuwa cha mfalme wa Ankole. Kingine watu wamekiita Mulago, jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa kuwa wagonjwa wengi huenda kuoga humo.

Maji haya yanaweza pia kufanya kazi nyingine. Mwaka 1952, pale Kiabukwa katika Katanga, maji ya moto ya nyuzi 91 yalitumiwa kutoa umeme wa mgodi. Kilikuwa kituo kidogo, nacho hakikudumu. Kenya ilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhi pale Olkaria mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wake inatoka ardhini kwa njia hiyo. Ufa wetu ni hatari, lakini ni mali pia.

Je, yanaponya?

Swali hili huulizwa katika kila kikao, na linastahili jibu la kweli.

Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo na ya mgongo. Mtu aliyebeba mizigo siku nyingi, au aliyelala juu ya mawe ya lava chini ya turubai, hupata nafuu. Hupumzisha na moyo pia, na hilo si dogo kwa mtu aliyekimbia mara tatu au nne.

Lakini maji ya moto hayaponyi malaria, kipindupindu, kifua kikuu, kisukari wala Ukimwi. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameoga. Upele wa kuwasha hauishi kwa kuoga tu: unahitaji dawa ya kituo cha afya, na nyumba nzima itibiwe siku moja. Mwenye vidonda, au mwenye dalili za mpox, asiingie katika maji ya watu wengi, kwa faida yake na ya wenzake.

Wanaotakiwa kumwuliza muuguzi kwanza ni wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo na wenye presha. Mwenye homa asubiri ipone.

Tena, maji haya si ya kunywa. Maji ya maeneo ya volkano zetu mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia na ikizidi hudhuru mifupa. Kuyachemsha hakuiondoi.

Hatari tatu za kukumbuka

*1. Kuungua.* Chemchemi ya Nyamyumba hufika karibu nyuzi 70, na nyingine hukaribia kuchemka. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumwunguza mtu vibaya kwa sekunde chache tu, na mtoto mapema zaidi. Macho hayawezi kupima joto. Kwa hiyo:
- Usiingie penye jicho la chemchemi. Oga chini zaidi, ambapo maji yamechanganyika na ya mto au ya ziwa.
- Jaribu kwanza kwa kiwiko. Kiwiko kikikataa, mwili wote ukatae.
- Kaa dakika 10 hadi 15, kisha toka, upumzike na unywe maji safi.
- Mtoto ashikwe mkono muda wote. Ukingo wa chemchemi huteleza, na mara nyingine udongo wake ni ganda jembamba lililofunika maji ya moto.
- Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya.

*2. Mazuku.* Haionekani, na mara nyingi haina harufu. Huwa kali zaidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Dalili zake ni ndege, panya au wadudu waliokufa mahali pamoja, na moto unaozimika bila upepo. Ukihisi kizunguzungu au pumzi kukata, panda juu mara moja, usiiname. Mwenzako akianguka shimoni, usishuke kumfuata: wengi wamekufa wakiokoa. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu, na uite watu. Watoto ndio wa kwanza kuzidiwa, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Usijenge kibanda wala kulaza mtoto katika bonde ambalo wenyeji wanaliogopa.

*3. Njia yenyewe.* Kuna maji ambayo leo si ya kuendewa, hata kama ulioga humo utotoni. Ndani ya Hifadhi kuna sheria na kuna wanyama, na njia ya Mai ya Moto imeona mashambulizi mengi katika vita hivi vya miaka mingi. Uliza kwanza viongozi wa mahali na watu waliopita njia hiyo wiki hiyo. Usiache njia inayokanyagwa. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, weka alama kwa mbali na utoe habari. Magoti yanaweza kungoja.

Maji ya wote yanahitaji makubaliano

Vita vilipofika Goma mwezi Januari 2025, kambi zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wengine wamekuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine, na chemchemi ambazo zamani zilikuwa za kijiji kizima sasa zina mtu anayesema: hapa unalipa. Ugomvi wa maji huanza kwa ndoo moja.

Tunawashauri wazee, viongozi wa vijana na wa akina mama wakae kabla ya ugomvi, wenyeji na waliorudi na wageni pamoja, wakubaliane mambo machache:

- Saa za akina mama na saa za wanaume, ili heshima ya kila mtu ilindwe na wasichana wasisumbuliwe.
- Mahali pa kuoga, mahali pa kufua na mahali pa kunywesha mifugo. Sabuni na ng'ombe viwe chini kabisa ya mkondo.
- Kama kuna malipo, yawe ya kusafisha na kulinda, yajulikane kwa wote, na mwenye kuyashika atoe hesabu mbele ya watu.
- Mzee, mlemavu na mgonjwa watangulie.
- Watu wawili au watatu wa pande tofauti wawe walinzi wa mahali, wakijua dalili za mazuku na huduma ya kwanza ya kuungua.
- Maji yakibadilika ghafla, yakaongeza moto, yakabadili rangi au yakakauka, chefu apewe habari ili aifikishe kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma.

Hatusemi kwamba watu wakioga pamoja vita vitakwisha. Lakini mahali ambapo mama wa kabila hili anamshikia mama wa kabila lile mtoto wake akioga, uvumi wa sumu hupata shida kusimama.

Mzee wetu wa magoti hakufika kwenye maji ya moto mwaka ule. Siku mbili baada ya wale mbuzi kufa, yule mama mwenye fimbo alimpelekea sufuria ya maji aliyoyachemsha kwa kuni zake na kitambaa cha kukandia. Alisema: «Mzee, ardhi imekunyima, mimi sikunyimi.» Kuni wakati ule zilikuwa ghali, na kila mtu kambini alijua bei yake. Wale vijana wa mawe walikuwa wamekaa hapo nje. Mmoja wao ndiye aliyepokea sufuria.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika eneo letu, ni mashimo au mabonde gani ambayo wenyeji wa zamani wanayaogopa? Nani amewaeleza waliofika karibuni?
2. Je, tumewahi kumshtaki jirani kwa kifo au ugonjwa ambao baadaye ulijulikana umetokana na kitu kingine? Tulirekebishaje?
3. Maji tunayoyatumia pamoja yana makubaliano gani? Nani hakuwepo yalipofanywa?
4. Mtoto akiungua leo hapa kwetu, nani anajua la kufanya katika dakika 20 za kwanza?