Giza la Runinga na Haki ya Dirisha



Likizo iliyopita nilimzuru mpwa wangu anayefanya biashara Kibwezi, kaunti ya Makueni. Yeye, kama vijana wetu wengi wa pwani waliohamia miji iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, amejaaliwa kujenga, na katika nyumba yake ametenga chumba cha burudani: runinga kubwa ukutani, vipaza sauti, makochi na zulia. Dirisha la chumba hicho lilielekea magharibi. Jua la alasiri lilipokuwa likififiza picha, fundi alimshauri alizibe kwa matofali, naye akaliziba. "Mjomba, sasa ni sinema hasa," aliniambia kwa furaha.

Nilipouliza dada yangu yuko wapi, nilionyeshwa barazani, ameketi peke yake. Ana ugonjwa wa pumu, na kila alipoingia chumbani humo kifua kilimbana. Chumba kilichojengwa ili kuwakusanya jamaa kilikuwa kimemtoa mama yao.

Kwa ajili hiyo nimeona tulizungumze jambo hili, kwani wanaojenga Makueni na Kitui ni wengi. Shauri langu ni kwamba giza la runinga litafutwe kwa pazia, wala si kwa kuziba dirisha.

Upande wa dirisha

Kaunti hizi ziko karibu na Ikweta, upande wa kusini wake. Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini, na huingia moja kwa moja katika madirisha ya mashariki na magharibi. La magharibi ndilo zito zaidi, kwa kuwa huja wakati ukuta na bati vimekwisha kupata moto, na watoto wamerudi kutoka shule. Kwa hiyo, kiwanja kikiruhusu, madirisha yaelekee kaskazini na kusini. Huko upenu hutosha kuyakinga: upenu wa sentimita 60, saa sita ya mchana mwezi wa Juni, hutia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta wa kaskazini.

Runinga nayo isitazamane na dirisha, maana mwanga utarudi kwenye kioo chake. Wala isiwekwe chini ya dirisha, kwani macho huchoka yakipigwa na mwanga kutoka nyuma ya picha. Mahali pake ni ukuta ambao dirisha liko ubavuni mwake.

Ukubwa wake

Kanuni ya siku nyingi katika ujenzi ni kwamba eneo la madirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita 20 za mraba, hivyo chahitaji mita 2 za mraba. Madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 0.9 yatatosha. Yakiwa katika kuta zinazokabiliana ni bora zaidi, kwa kuwa upepo huingia huku na kutokea kule. Matundu ya hewa yaachwe juu ya ukuta, chini ya dari, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Matundu na madirisha yote yatiwe wavu wa mbu.

Giza na sitara

Pazia liwe la tabaka mbili: jepesi la mchana, na zito la kuzuia mwanga. Lile zito lipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 15 hivi kila upande. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na njia nyingine, nayo ni madirisha ya mbao yenye vibao vya mlalo. Hupunguza mwanga na kumsitiri aliye ndani, lakini hewa hupita. Seremala mzuri wa Kitui au Wote akionyeshwa mfano atayaweza.

Pazia zito hupunguza mwangwi chumbani, lakini halimzuilii jirani kelele. Haki ya jirani hutimizwa kwa kupunguza sauti.

Usalama

Vyuma vya dirishani huzuia mwizi, lakini moto ukizuka mlangoni huwa kifungo. Angalau dirisha moja liwe na vyuma vyenye bawaba na kufuli, na ufunguo ukae ndani, mahali panapojulikana na kila mtu wa nyumba.

Tena, katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mpwa wangu alinisikiliza. Ukuta wa magharibi aliuacha ulivyo, akatoboa madirisha mawili, kaskazini na kusini, na runinga akaihamishia ukuta wa mashariki. Gharama yake ilizidi ya pazia alilolikataa mwanzoni. Wiki iliyopita nilimpigia dada yangu simu baada ya Isha, nikasikia sauti za wajukuu karibu naye. "Kaka, nipigie baadaye," akasema, "tunatazama mchezo."

Wabillahi tawfiq.