Jokofu, Oksijeni na Jenereta katika Ubao Mmoja: Uangalizi wa Pamoja wa Majengo ya Hospitali katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Mgonjwa anayelazwa hospitalini huwaona daktari, muuguzi na mfamasia. Havioni vitu vingine ambavyo bila hivyo tiba haiwezekani: umeme unaoendesha mashine ya oksijeni, pampu inayopandisha maji kwenye tangi, jokofu linalotunza damu, chanjo na insulini, na jenereta iliyo nyuma ya jengo ikisubiri umeme ukatike. Aghalabu kila kimoja kati ya vitu hivyo kina kipimo chake, daftari lake na mtu wake. Makala haya yanaeleza namna vipimo hivyo vinavyoweza kuunganishwa vikaonekana mahali pamoja, na kwa nini jambo hilo, linalodhaniwa kuwa la wahandisi peke yao, ni la tiba.

Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake, ikiwemo Benki ya Dunia, walitoa ripoti kuhusu umeme katika vituo vya afya. Ripoti hiyo ilieleza kuwa karibu watu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini huhudumiwa na vituo visivyo na umeme wa kuaminika au visivyo na umeme kabisa, na kwamba katika nchi za kusini mwa Sahara ni takribani nusu tu ya hospitali zenye umeme wa kuaminika. Wilaya ya Kilwa inalijua suala hili kwa namna yake. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kufua umeme tangu mwaka 2004. Hata hivyo, kuishi jirani na gesi si sawa na kuwa na umeme usiokatika katika chumba cha kujifungulia.

Mwaka 2024 ulionyesha jinsi mambo yanavyoweza kufuatana. Tarehe 1 Aprili gridi ya Taifa ilipata hitilafu na mikoa mingi ikakosa umeme. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Mafia na Kilwa, na mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa. Barabara hiyo ndiyo wanayoitegemea fundi, lori la dizeli na mitungi ya oksijeni. Tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zikakatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Mtu anayebuni mfumo wa uangalizi kwa ajili ya pwani hii aanze na wiki hizo sita. Mfumo unaohitaji umeme wa gridi, barabara nzima na intaneti ya kasi ili ufanye kazi utanyamaza siku ile ile unapohitajika.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mafundi wa hospitali watautambua mara moja. Umeme unakatika saa mbili usiku. Jenereta inawaka, taa za wodini zinarudi, na kila mtu anashusha pumzi. Lakini jengo linatumia umeme wa fezi tatu, na swichi inayohamisha mzigo kutoka gridi kwenda jenereta ina kiungo kimoja kilicholiwa na kutu ya hewa ya chumvi. Fezi mbili zimepata umeme, ya tatu haikupata. Fezi hiyo ndiyo inayolisha soketi za stoo ya dawa. Mlinzi anasikia jenereta inanguruma, muuguzi anaona taa zinawaka, fundi yuko nyumbani. Asubuhi mfamasia anafungua stoo na kukuta jokofu limezimika tangu jana.

Katika mfano huo hakuna kipimo kilichokosekana. Jenereta ina saa yake ya kuhesabu muda wa kazi, ubao wa umeme una taa za fezi, na jokofu lina kipimajoto. Kilichokosekana ni mahali ambapo habari hizo tatu zingekutana: jenereta inafanya kazi, fezi ya tatu haina umeme, joto la jokofu linapanda. Habari ya kwanza ikisimama peke yake inatuliza, na kwa sababu hiyo inapotosha. Zikisomwa pamoja, mtu yeyote wa zamu anajua nini kimetokea na wapi pa kwenda.

Mfumo unaozikutanisha una ngazi chache. Chini kabisa kuna vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima joto, mkondo wa umeme, kina cha maji au dizeli katika tangi, na shinikizo la oksijeni katika bomba. Vihisi hupeleka vipimo kwa kisanduku cha udhibiti kilicho katika kila jengo. Visanduku vyote huzungumza na kompyuta moja ya hospitali, nayo huhifadhi kumbukumbu, huchora mwenendo wa saa na siku, na hutoa tahadhari. Ugumu wa zamani ulikuwa lugha: kiyoyozi cha kampuni moja hakikuelewana na jenereta ya kampuni nyingine, na hospitali ikajikuta na skrini tano zisizojuana. Ndiyo sababu zikatungwa itifaki za wazi, yaani lugha za mashine zisizomilikiwa na muuzaji mmoja. Modbus, iliyoanza mwaka 1979 katika mitambo ya viwandani, bado ndiyo inayozungumzwa na mita nyingi za umeme na jenereta. BACnet ilianza kutungwa Marekani mwaka 1987 na kutangazwa kuwa kiwango mwaka 1995, nayo imekusudiwa majengo. Kamati ya manunuzi isiyojua lolote jingine kuhusu mifumo hii inaweza walau kuuliza swali moja: kifaa hiki kinazungumza itifaki gani ya wazi? Muuzaji akishindwa kujibu, hospitali itakuwa inanunua skrini ya sita.

Kwa hospitali ya wilaya, kompyuta hiyo ikae ndani ya hospitali yenyewe, ikiwa na betri yake, na itume tahadhari kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mfupi huhitaji mtandao dhaifu tu wa simu, na vipimo vilivyohifadhiwa hapo hapo vinaweza kupelekwa mkoani au wizarani intaneti ikirudi. Kwa maoni yangu, ni busara pia miaka ya mwanzo mfumo uone tu bila kuamrisha. Kuiachia kompyuta izime viyoyozi vya ofisi jenereta inapolemewa hakuna madhara. Kuiachia izime chochote katika chumba cha upasuaji ni jambo lisilokubalika. Mtandao wa mitambo nao utenganishwe na ule unaobeba kumbukumbu za wagonjwa, kwani jokofu halina haja ya kujua jina la mtu.

Hapa ndipo tabibu anapopaswa kuingia, kwa sababu mipaka ya tahadhari haiwekwi na mhandisi. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Je, king'ora kilie kila kipimo kinapofika 8.1? Muuguzi anayechota chanjo asubuhi hufungua mlango mara nyingi, na king'ora kitalia mara hizo zote hadi mtu akizibe kwa plasta. Wanaofanya kazi katika wodi za uangalizi maalumu wanaujua ugonjwa huo: mlio usio na maana huua masikio, na siku mlio wenye maana unapokuja hakuna anayegeuka. Vinasa joto vya siku 30 vinavyotumika katika majokofu ya chanjo vimewekewa mipaka yenye busara zaidi. Hutoa tahadhari joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60.

Tofauti ya muda huo ina sababu. Joto huharibu chanjo taratibu, na kiashiria kilicho juu ya kichupa hubadilika rangi kuonyesha kiasi cha joto kilichopokelewa. Baridi ya kugandisha huharibu chanjo kama za pepopunda na homa ya ini B kwa muda mfupi, na kiashiria kile hakioneshi chochote. Kichupa kilichoganda kikayeyuka kinaweza kuonekana kizima kwa macho, na mtoto akachomwa sindano isiyomkinga. Jaribio la kutikisa husaidia, lakini hufanywa na mtu ambaye tayari ana shaka. Kumbukumbu ya joto ndiyo inayoileta shaka hiyo. Kwa hiyo anayedhani adui wa chanjo katika pwani yenye joto kama Lindi ni joto pekee, atalinda upande mmoja wa mlango tu.

Kwa upande wa muda wa kuitikia, jokofu na oksijeni ni vitu viwili tofauti kabisa. Jokofu la chanjo lenye ukuta wa barafu na lililoidhinishwa kwa viwango vya WHO kuwa la kuhimili muda mrefu hutakiwa kubaki na baridi ya kutosha kwa saa 20 au zaidi bila umeme, hata nje kukiwa na nyuzi 43, mradi lisifunguliwe. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani haina akiba yoyote. Umeme ukikatika, oksijeni inakatika, na kwa mtoto njiti au mama mwenye kifafa cha mimba dakika chache ni nyingi. Tahadhari ya jokofu inaweza kumpigia fundi aliye nyumbani. Tahadhari ya oksijeni ilie wodini, pale pale alipo muuguzi, na mtungi wa akiba uwe hatua chache kutoka kitandani na si katika stoo iliyofungwa kwa kufuli.

Upo pia upande wa nishati, ambao wasimamizi wa fedha huupenda zaidi. Hospitali yenye mita moja ya umeme inajua imetumia uniti ngapi, lakini haijui jengo gani limezitumia. Mita ndogo katika kila jengo huonyesha haraka viyoyozi vinavyofanya kazi usiku kucha katika ofisi tupu. Huonyesha pia jenereta iliyo kubwa kupita mzigo wake. Jenereta ya dizeli inayobebeshwa chini ya takribani asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu hujaa masizi, hula mafuta mengi kwa kila uniti na kufa mapema. Ikibebeshwa mzigo unaofaa, lita moja ya dizeli hutoa kiasi cha uniti tatu hivi.

Lakini akiba ya nishati isipimwe kwa uniti peke yake. WHO inashauri chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28, kwa sababu mtoto mchanga aliyelowa hupoteza joto kwa kasi. Katika pwani yetu kiyoyozi cha chumba hicho mara nyingi hutegwa nyuzi 18 au 20 kwa ajili ya faraja ya watumishi, ambao kweli hutoka jasho. Hapo hospitali inalipia umeme ili kumpoza mtoto, kisha inalipia tena umeme wa kumpasha moto. Kihisi kimoja cha joto katika chumba hicho, kikisomwa na mkunga na fundi kwa pamoja, kinaokoa fedha na kinamkinga mtoto. Sijaona mfano bora kuliko huu wa kwa nini takwimu za jengo na za mgonjwa zisomwe mezani pamoja.

Mfumo wote huu hauna maana ikiwa ujumbe unafika kwenye simu ya mtu aliyehamishwa mwaka juzi. Kila tahadhari iwe na jina la mtu wa zamu, jina la msaidizi wake, na muda ambao baada yake ujumbe unapanda kwa mganga mfawidhi. Orodha hiyo ibadilishwe kila ratiba ya zamu inapobadilika. Bajeti nayo iwe na fungu la betri, vihisi na vocha, kwa kuwa chumvi ya bahari haisubiri mwaka mpya wa fedha. Vihisi vya nje viwekwe katika visanduku visivyopitisha unyevu, na viungo vyake vikaguliwe kabla ya masika.

Katika kisiwa kama Songo Songo, ambako chanjo hufika kwa chombo cha baharini, kompyuta ya kati haihitajiki. Jokofu la sola lenye kinasa joto kinachotuma ujumbe hospitali ya wilaya linatosha, pamoja na kisanduku baridi ambacho pakiti zake za barafu zimeachwa zianze kuyeyuka, hadi maji yasikike yakicheza ndani, ili zisigandishe chanjo njiani.

Mnyororo huo huo unaendelea hadi nyumbani kwa mgonjwa wa kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini nyingi zikishafunguliwa hudumu takribani wiki nne katika joto lisilozidi 30. Chini ya bati, mchana wa Lindi hupita hapo. Chungu cha udongo chenye maji husaidia, ila hupoza kwa mvuke, na hewa ya pwani ikijaa unyevu wakati wa masika nguvu yake hupungua sana. Katika miezi hiyo ni vyema mgonjwa aulize kama kituo kinaweza kumtunzia vichupa vya akiba, abaki nyumbani na kile anachokitumia. Insulini iliyowahi kuganda isitumike hata ikionekana safi. Sukari ikipanda bila sababu ya chakula, ugonjwa au dozi iliyorukwa, kichupa kirudishwe kituoni, na mhudumu aanze kwa kuuliza kilikuwa kinakaa wapi kabla ya kuongeza dozi.