Neno Bastola: Asili Yake na Njia Lililopitia Kuingia Kiswahili

Bastola ni silaha ndogo ya moto inayoshikwa na kufyatuliwa kwa mkono. Kufanana kwa neno hili na pistola la Kireno ni dhahiri, na wengi wanaoandika kuhusu maneno ya mkopo huridhika na ulinganisho huo. Hata hivyo, kufanana kwa maumbo hueleza chimbuko tu. Hakuelezi ni vinywa vya nani vilivyolifikisha neno pwani ya Afrika Mashariki. Makala haya yanadai kwamba umbo lenyewe la bastola linaelekeza kwenye Kiarabu, hususan cha Oman, kuwa ndiyo njia lililopitia.

Ushahidi mkuu ni konsonanti ya kwanza. Kiswahili kina sauti /p/, na maneno yaliyotwaliwa moja kwa moja kutoka Kireno huihifadhi: copo limekuwa kopo, padre limekuwa padri. Mchezo wa karata unatoa mfano bora zaidi. Kopa, shupaza na pao ni majina yaliyotokana na copas, espadas na paus ya Kireno, na yote matatu yamebaki na /p/. Katika mchezo uo huo, karata yenye picha ya mfalme huitwa basha, neno lenye asili ya Kituruki, paşa, lililopitia Kiarabu, lugha ambayo haina /p/ katika mfumo wake wa asili na ambayo kwa kawaida huigeuza kuwa /b/. Bastola liko upande wa basha, si upande wa kopa. Lau lingetoka kwa Wareno moja kwa moja, umbo linalotarajiwa lingekuwa *pistola.

Irabu ya silabi ya kwanza, iliyogeuka kutoka /i/ kuwa /a/, ni shahidi dhaifu. Irabu za mikopo ya Kireno hazikutulia hata pale ambapo njia haina shaka: bandeira limekuwa bendera. Kwa hiyo hoja haipaswi kuegemezwa hapo.

Njia nyingine zinazoweza kudhaniwa hazina nguvu. Kihindi na Kigujarati, lugha za wafanyabiashara waliokuwa na uhusiano wa karne nyingi na Zanzibar, huhifadhi /p/ katika neno hili. Kituruki kina tabanca na Kiajemi kina tapanche, maumbo yasiyoweza kuzaa bastola.

Historia nayo inaafiki. Wareno walifika pwani mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba waliishika pia Muscat kuanzia mwaka 1507 hadi 1650. Waomani waliowaondoa Mombasa walikuwa tayari wamezijua silaha za Wareno nyumbani kwao, na bila shaka majina yake pia. Tena, bastola halisimami peke yake: bunduki, risasi na baruti yote yaliingia kupitia Kiarabu. Bunduq lilimaanisha kwanza aina ya kokwa, kisha kigololi cha kurushwa, ndipo likawa jina la silaha. Raṣāṣ ni madini ya risasi yenyewe.

Huko Ulaya, asili ya pistola bado inabishaniwa. Wengine huihusisha na píšťala la Kicheki, yaani filimbi, jina la bunduki nyepesi ya karne ya 15. Wengine huitaja Pistoia, mji wa Italia. Rai ya kwanza ina mashiko zaidi, kwa kuwa mji huo ulihusishwa kwanza na majambia.

Kiarabu cha leo hutumia zaidi musaddas, neno lenye mzizi wa sita, kwa kufuata bastola za matundu sita ya risasi zilizoenea baada ya hataza ya Samuel Colt ya mwaka 1836. Kiswahili hakikulifuata badiliko hilo, ishara kwamba bastola lilikwisha kukita mizizi.

Neno la Kibantu lililobaki katika uwanja huu wa maana ni mzinga, lililohamishwa kutoka gogo la kufugia nyuki hadi silaha kubwa kwa kufananisha maumbo. Mbinu iyo hiyo ingali hai: mitaani nchini Kenya, bastola huitwa mguu wa kuku.